Tulivyoivisha Albamu ya RnB, na Kioo Kilichotuumbua



Tangu picha ile ya kanga ianze kuzunguka kwenye simu za watu, hapiti mteja dukani kwetu bila kuuliza. Atapima mkono, atachagua kitambaa, ataulizia bei, halafu kabla hajatoka atageuka mlangoni: "Hivi nyinyi si washoni wa maharusi? Kwenye RnB mmeingiaje?" Wengine huuliza kwa kucheka, wengine kwa kununa. Biharusi mmoja alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, nusu yake ni nasaha na nusu yake anaulizia lini nguo yake itakuwa tayari. Basi leo tunajibu, na tunajibu yote, hata ile sehemu ambayo tungependa kuifunikia kombe.

Kwa wasiotujua, sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Mmoja alimaliza Form Four akaenda kozi ya ushoni. Mwingine kozi hakwenda, alijifunza magotini kwa mama yake, akimtungia uzi kwenye sindano tangu ana miaka sita. Duka letu dogo liko mjini, si mbali na Mlandege. Tuna cherahani tatu, moja ya kudarizi, na chumba cha nyuma chenye pazia na kioo kirefu. Humo ndimo maharusi wanamojaribu nguo zao. Kioo hicho kiwekeni akilini.

Binti alikuja kwetu siku chache baada ya Idi kubwa, pamoja na shangazi yake aliyemlea. Tunamwita Binti kwa sababu ndivyo tulivyomzoea. Alikuwa akiimba kasida madrasa, akakua akiimba kwenye harusi za jamaa, na sasa alikuwa na nyimbo nane za RnB zilizokwisha rikodiwa studio. Sauti yake, mashallah, ni ya kutulia, haina haraka. Waliosimamia albamu walikuwa wamemletea picha za mfano wa kava: mwanamke ufukweni, nywele zimemwagika, gauni la wavu ambalo hata dagaa angepita.

Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu, "Dada zangu, wananiambia hivi ndivyo RnB inavyovaa. Mimi nataka nguo ambayo shangazi akiiona kwenye kava hatoigeuza chini juu."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba juu ya mapaja, kimya.

Hatukumjibu siku ile. Kuhusu muziki masheikh wetu wana kauli zao: wapo wanaoukataza kabisa, wapo wanaotazama maneno na mazingira. Sisi ni mafundi, si mamufti, na hatutojaribu kuwatolea fatwa hapa. Tulichofanya ni kurudi nyumbani na kumuuliza mama, ambaye ni mama wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, kwa hiyo akisema neno hutufikia kwa pande zote mbili. Tulitegemea atatukataza. Mama akamaliza kuchambua mchele wake, akasema, "Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri. Mwanamke wa kisiwa hiki kuimba hakukuanza leo. Mtoto huyo ataimba, mkimvisha ataimba, msipomvisha ataimba. Sasa nyinyi amueni nani amvishe."

Tukakubali kwa sharti. Nguo zote za kava na za video zipite kwetu, na picha yoyote kabla haijatoka tuioneshe kwanza kwa wanawake wenzetu. Sharti hilo la pili tulilitoa kwa kujiamini sana. Ndilo lililotuponza, mtaona.

Kuhusu kava tulikuwa hatujui kitu. Tulidhani ni picha nzuri yenye jina juu yake, basi. Zamani, ilipokuwa santuri, kava lilikuwa mraba wa kama sentimita 30 kila upande, mtu analishika kwa mikono miwili. Leo aliyekuwa akiipakia albamu alitutaka picha ya mraba ya pikseli 3,000 kwa 3,000, ambayo ukiichapisha ni kubwa na safi, lakini msikilizaji anaiona kwenye orodha ya simu ikiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ukucha! Sisi tunaodarizi mikono ya gauni kwa wiki mbili tukaambiwa kazi yetu itatazamwa kwa ukubwa wa ukucha. Tena tukaambiwa tusiweke namba ya simu wala anwani ya ukurasa juu ya kava, maana mitandao ya muziki huyakataa makava ya namna hiyo. Shangazi alisikitika, alitaka namba yake iwepo ili watu wamuite Binti kwenye harusi.

Tukaanza kujaribu. Ukutani karibu na cherahani tulibandika kila picha mara mbili, kubwa na ya ukubwa wa ukucha.

Ya kwanza Binti alivaa buibui la nida mbele ya mlango wa zamani wa nakshi. Kwa macho yetu alipendeza mno. Kwenye picha akawa shimo jeusi lenye uso unaoelea juu. Kamera haioni kama jicho. Kitambaa cheusi kinameza mwanga, na ukiiongezea kamera mwanga ili buibui lionekane, uso unakuwa mweupe kama umepakwa unga. Mabibi mnaopiga picha za harusi na buibui jeusi, hili lichukueni: msisimame mbele ya mwanga wala msiupe mgongo, simameni ubavuni mwa dirisha, mikunjo ya nguo itaonekana. Na shonesheni ukanda mwembamba wa rangi nyengine pembeni, hata kijivu, ili nguo iwe na mpaka.

Ya pili tulitumia kitambaa cha mistari membamba. Kilicheza kwenye kamera kama maji yanayochemka. Aliyetupiga picha alitueleza kwamba vijimistari vya kitambaa vinagombana na vijimraba vya kamera, ndipo yanapotokea mawimbi ambayo kwenye nguo hayapo. Ya tatu ilikuwa na vipuli vya kung'aa, nayo ilikuwa ovyo, tuiache.

Ya nne ndiyo tuliyoipenda. Pamba nyeupe tupu, imemfunika kichwani na kumshuka mpaka miguuni, nyuma ukuta wa chokaa. Safi, ya heshima, imetulia kama sauti yake. Tulijua tumemaliza.

Namna yetu ya kujaribu ilikuwa hii. Mteja akija kupima tunamuonesha picha ndogo kwenye simu, tunahesabu moja mpaka tatu, tunaificha, tunamuuliza umeona nini. Hatumuulizi "nzuri?" kwa sababu mteja wa Kizanzibari ukimuuliza nzuri atakwambia nzuri, hana adabu mbaya kiasi cha kukwambia mbaya. Basi akaja bibi mmoja amemleta mjukuu wake kupima. Tukamuonesha. Moja, mbili, tatu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema bibi. "Nani?"

Hatukuelewa. Akarudia, "Nani amefariki?"

Tuliitazama tena ile picha kwa ukubwa wa ukucha. Ilikuwa sanda. Kitu cheupe kirefu, kimefungwa juu, kimelala kwenye weupe. Tulikuwa tunaitazama kubwa siku tatu nzima, tukiona mikunjo na uso wa Binti, kumbe mtu akiiona ndogo anaona maiti. Tukaibandua ukutani hapo hapo. Mjukuu wa bibi alicheka mpaka pini zikamchoma.

Kanga ilikuja kwa njia ya kawaida kabisa. Mmoja wetu alikuwa amejitupia kanga mabegani akifagia duka, Binti akawa anasoma jina lake kwa sauti, na tukatazamana. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Hicho ni kava kabla hujafanya kitu: fremu, picha, na maneno. Mabibi zetu walikuwa wakisemeshana kwa majina ya kanga, mengine enzi hizo yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hakuna aliyehitaji kuonesha kifua ili asikike. Jina la albamu lilikuwa limeshachaguliwa, SIJACHELEWA, kwa sababu Binti ana miaka 29 na watu wamemchosha.

Tukadhani tumemaliza, kwa mara nyengine. Jina la kanga ya dukani limeandikwa kwa herufi ndogo, ukilipunguza liwe ukucha linageuka uzi. Ikabidi tukate herufi wenyewe, moja moja, tuzishone juu ya kanga. Herufi ni 11. Kanga ina upana wa kama mita moja na nusu, mgongo wa Binti hauna hata nusu mita, kwa hiyo jina lote mgongoni haliingii. Ndipo ilipopatikana ile picha mnayoijua: Binti ametupa mgongo, mtandio kichwani, mikono ameinyoosha pande mbili ameishika kanga nyuma yake kama anayeanika nguo, na jina limekwenda kutoka mkono mpaka mkono.

Rangi nazo zilitusumbua. Tulianza na kanga nyekundu na herufi za kijani, kwa macho zinapigana vizuri. Yule kijana wa picha akaigeuza picha iwe ya rangi ya kijivu, herufi zikapotea zote! Wekundu na ukijani ule vilikuwa na kiza kimoja, tofauti yao ilikuwa rangi tu, na kwenye kioo kidogo juani rangi haisaidii. Tukafumua herufi zote 11, tukashona nyeupe. Tangu siku ile hata shela na gauni za harusi tunazipiga picha kwanza, tunazigeuza za kijivu, tuone kama darizi itaonekana ukumbini au imekufa.

Mwongozaji wa video hakuipenda. "Msanii mpya, bila uso, nani atamjua?" Hapo Binti mwenyewe ndiye aliyemjibu, nasi tulijifunza. Alimtajia H.E.R., mwimbaji wa RnB wa Marekani, ambaye kazi yake ya kwanza mwaka 2016 ilitoka na kivuli chake tu kwenye kava, watu wakampenda kwa sauti kabla ya kumjua sura, na mwaka 2019 akachukua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya RnB. Akamtajia Lauryn Hill, albamu yake ya mwaka 1998, ambayo kavani sura yake imechongwa kwenye ubao wa dawati la skuli. Mwongozaji akasema hao ni Wamarekani. Binti akasema, "Na wavu ule ulioniletea ulikuwa wa Makunduchi?"

Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Kava likapita.

Sasa video. Walitaka gauni linaloruka kwa mwendo wa pole, ufukweni Jambiani. Jinsi mwendo wa pole unavyopatikana ni kichekesho. Kamera inapiga fremu 50 kwa sekunde, halafu inaoneshwa kwa fremu 25, kwa hiyo kila kitu kinapungua nusu. Ili midomo ya mwimbaji ifuatane na wimbo, wimbo unachezwa kwa kasi mara mbili wakati wa kupiga. Basi Binti wetu mwenye sauti ya kutulia alikuwa anaimba ufukweni kama anafukuzwa na mbwa, na spika inalia kama kasuku. Kisha ukiitazama, subhanallah, ni upole mtupu.

Tulimshonea shifoni ya mita sita, bitana ya pamba mpaka kwenye kifundo cha mguu. Lakini ilikuwa kusi, na kusi la Jambiani halina adabu. Siku ya kujaribu gauni lilipanda mpaka magotini. Tukarudi mjini, tukaenda kwenye duka la zana za uvuvi, tukanunua chubwi ndogo kabisa 12, tukazishonea ndani ya pindo, kila moja kwenye kifuko chake. Muuzaji akauliza tunavua samaki gani. Gauni likaruka linavyotakiwa, upana upana, na halikupanda. Biharusi mwenye harusi ya ufukweni anayetaka ufundi huu aje, chubwi zimebaki.

Siku ile walipita kina mama wa mwani wanarudi na mizigo yao kichwani. Walipoiona kamera walivuta mitandio usoni, wakapita mbali. Mwongozaji akanung'unika kwamba wangetoa picha nzuri. Tuliwatetea, tukamwambia wana haki yao. Tunalisema hili ili mjue kwamba jambo lenyewe tulikuwa tunalijua.

Sehemu moja ya video ilipigwa dukani kwetu. Binti amesimama, mmoja wetu amepiga magoti anampinia pindo, kamera inawatazama na nyuma yao ni pazia la chumba cha nyuma. Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa tumemwambia mwongozaji watamaliza saa tisa, wakachelewa, kama kawaida yao. Saa kumi akaja biharusi wetu mmoja kujaribu gauni, harusi yake ilikuwa na siku 12. Hatukumrudisha. Tulimpitisha mlango wa nyuma, tukavuta pazia, tukamwambia avae tunakuja sasa hivi. Tulikuwa tumechoka na tulitaka wote wawili wamalize.

Siku tatu baadaye mwongozaji akatuletea video ya kwanza kwa WhatsApp ili tuijaribu. Sisi na sharti letu! Tuliitazama kwenye simu mara tano. Tulitazama pindo, tulitazama mtandio kama unateleza, tulitazama kama gauni linashika mwili. Tukaituma wenyewe, kwa mikono yetu, kwa wanawake 11 tunaowaamini, kila mmoja atuambie ameona nini. Wakasema wameona bahari, wameona gauni, mmoja akasema ameona njaa kwa sababu alikuwa amefunga. Hakuna aliyeona kibaya.

Mama hana simu kubwa. Jioni tukamchukulia ile video kamili kwenye flashi, tukamuwekea kwenye televisheni sebuleni. Alitazama kimya mpaka kwenye lile tukio la dukani. Akasema, "Rudisha."

Tukarudisha.

"Yule si mtoto wa..." akataja jina la mama yake.

Pazia halikufunga mpaka mwisho. Palibaki upenyo wa vidole vinne, na nyuma ya upenyo ule kuna kile kioo kirefu, na ndani ya kioo alikuwemo biharusi wetu, kichwa wazi, mabega wazi, ameinua mikono ili aingie kwenye gauni. Sekunde mbili hazikutimia. Kwenye simu ilikuwa doa la rangi. Kwenye televisheni alikuwa ni yeye, tena ukimjua humkosei.

Hakuna aliyezungumza. Mama alizima televisheni mwenyewe, na hajui kuizima, aliichomoa ukutani.

Tulimpigia mwongozaji usiku ule. Akasema ni sekunde mbili, nani atamuona, na mkato ule ndio mzuri kuliko yote. Akasema anaweza kumpaka ukungu. Tukamwambia hatutaki ukungu, tunataka asiwemo. Akasema kuhariri upya ni shilingi 150,000 na ameshawatumia wenzake ile video. Wenzake wangapi? Wanaume wanne, pamoja na mhariri. Binti tulimwambia asubuhi yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akampigia mwongozaji mbele yetu, akamwambia kwamba video hiyo isipokatwa basi albamu itatoka bila video. Pesa tukatoa sisi, hilo halikuwa na mjadala.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Mmoja wetu, na hatutosema yupi, alikuwa na rai kwamba tusimwambie biharusi. Imekatwa, imefutwa, yeye ana siku tisa za harusi, kwa nini tumpe usiku mbaya? Ni sitara, alisema. Mwengine akasema sitara ilikuwa pazia, na pazia tumeshindwa kulifunga, hii ya sasa ni kujificha sisi. Tulibishana mpaka adhana ya alfajiri. Tuliposali tukabadilisha nguo, na kabla ya saa tatu tulikuwa mlangoni kwao.

Mama yake alitukaribisha na chai, alidhani tumeleta gauni. Tukawaambia wote wawili, bila kuzunguka. Biharusi alikuwa na hina ya kujaribia kiganjani, akawa anaikwangua na ukucha. Mama yake aliuliza wangapi wameiona. Tukasema wanawake 11.

"Wanawake si kitu," akasema, "usiku wa kupamba watamuona zaidi ya hivyo. Wanaume?"

"Wanne, mama," tukasema. "Tunaowajua."

Aliirudia ile. "Mnaowajua."

Hakutupigia kelele, na tungependa angepiga. Alisema tumlete gauni siku ile ile, lilivyo. Lilikuwa halijakwisha, pindo limepigwa bandi tu na mkono mmoja hauna darizi. Tulilikunja, tukalipeleka, na fedha iliyobaki hatukuidai. Baadaye tulisikia fundi mwengine alilimaliza na lilipendeza. Wale wanawake 11 tuliwapigia mmoja mmoja, wakafuta, na wawili walitwambia maneno tuliyostahiki. Kwa wale wanaume, wawili tuliona wenyewe wakifuta, tumesimama mbele yao. Mmoja alituma salamu kwamba amefuta. Wa nne amebadilisha namba, na mpaka tunaandika haya hatujampata.

Video ilitoka wiki mbili nyuma ya albamu. Pale palipokuwa na pazia sasa mnaona mkono na kastabini, sindano inaingia na kutoka kwenye pindo. Wengi mmetuandikia kwamba mnaipenda sehemu hiyo, kwamba imeonesha kazi ya fundi. Ni mkono wa mmoja wetu, ulipigwa harakaharaka kuziba tundu.

Chumba cha nyuma sasa kina mlango wa mbao wenye komeo la ndani, na kioo tumekigeuza kinatazama ukuta wa pembeni. Mlangoni pana kikapu cha ukili, kila anayeingia kupima au kusindikiza anaweka simu yake humo, hata sisi. Kamera za kazi haziingii tena dukani siku yenye biharusi, na siku isiyo na biharusi kwetu, alhamdulillah, ni chache. Maharusi watatu waliondoka baada ya habari kuenea, mmoja akarudi. Binti naye ameshatulipa, na shangazi yake amelitia kava kwenye fremu sebuleni, limetazama watu.

Kabla ya kuandika haya tulimuomba ruhusa yule biharusi, maana hata bila jina kisa ni chake. Ameshaolewa, yuko kwake. Tulimtumia maandishi yote ayasome kwanza. Alikaa nayo siku mbili, akajibu neno moja: "Andikeni."

Shela yake bado tunayo. Ni ya mita tatu, tuliidarizi ua la mkarafuu ukingoni kote kama alivyotaka, na aliilipia mwanzo kabisa kabla hata ya gauni. Siku ile tulipopeleka nguo tuliisahau kwenye kabati, na mama yake alipomtuma mtoto kuchukua vitu vilivyobaki hakuitaja. Tumeikunja kwenye kitambaa cha pamba, tumeiweka rafu ya juu peke yake. Tumemwambia ipo. Kuhusu hiyo hajajibu.